Udata na kunyonyesha: mwongozo kamili, kabla na baada ya kukata

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa akina mama wenye vichanga ni hili: "Mtoto nimeshampeleka akakatwa udata, mbona chuchu bado zinaniuma na mtoto hashibi?" Udata ni ile kamba ya chini ya ulimi inapokuwa fupi au nene kiasi cha kuuzuia ulimi kufanya kazi. Ukichimba, unakuta mkasi ulitangulia na mengine yote yakaachwa nyuma. Mtoto alikatwa Jumatatu, lakini hakuna aliyekaa na mama kutazama namna mtoto anavyolishika titi.

Hapa tunapanga kazi upya. Kwanza tujue kama mtoto anashiba. Pili turekebishe namna anavyowekwa kwenye titi. Ulimi unaangaliwa baada ya hapo, na kukata kunakuja mwisho, kama kweli kuna haja. Mwongozo unamhusu mtoto aliyezaliwa kwa wakati, tangu siku za kwanza hadi kama miezi mitatu. Njiti ana mahitaji yake, na mama yake aongee na wodi iliyomhudumia.

## Ukiona haya, funga ukurasa uende hospitali

Mtoto hanyonyi kabisa, amelegea au ni vigumu kumwamsha. Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili wake ni wa baridi. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Ana degedege. Manjano imefika viganjani na kwenye nyayo. Hajakojoa kutwa nzima. Haya hayasubiri kesho, wala hayatibiwi kwa kukata ulimi.

## Andaa hivi kwanza

- Kadi ya kliniki ya mtoto, yenye uzito wa kuzaliwa
- Daftari au simu ya kuandikia muda wa kunyonya, mikojo na choo
- Sabuni na maji safi, na kucha fupi
- Tochi ya simu
- Mito miwili au mablanketi ya kuegemea, na khanga ya kumfunga mtoto
- Kikombe kidogo kisicho na ncha kali, kinachooshwa na kuchemshwa kirahisi
- Mtu wa kukusaidia: mume, dada, mama mkwe, yeyote atakayeshika tochi na kukuletea maji ya kunywa

Chupa na chuchu bandia hazimo, kwa makusudi. Mtoto mwenye shida ya kushika titi akizoeshwa chupa, ambayo maziwa yanatiririka yenyewe, unaongeza tatizo juu ya tatizo.

## Hatua ya 1: Jua kama anashiba

Andika kila kitu kwa saa 24 kamili, usiku na mchana. Kumbukumbu ya mzazi asiyelala si ya kuaminiwa, na daktari atakuuliza mambo haya haya.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kuanzia siku ya tano hivi, atoe mikojo 6 au zaidi kwa saa 24, iliyopauka, isiyo na harufu kali. Choo cheusi cha siku za kwanza kiwe kimegeuka cha njano na laini, angalau mara 3 kwa siku katika wiki hizo za mwanzo.

Uzito ndio hakimu. Kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida, lakini akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, aonwe siku hiyo hiyo. Kufikia wiki mbili awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa, na baada ya hapo aongeze kati ya gramu 20 na 30 kwa siku. Mpime kwenye mzani uleule, akiwa uchi. Mzani wa zahanati na wa duka la dawa vikitofautiana gramu 100, utalia bure.

Ukiona hivi, endelea bila hofu: mikojo inatosha, uzito unapanda, na tatizo lililobaki ni maumivu yako. Una muda wa kurekebisha.

Tahadhari: uzito usipopanda, nenda hatua ya 4 leo hii, sambamba na hizi nyingine.

## Hatua ya 2: Rekebisha kupakata na kushika titi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ndefu kuliko zote hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu ya chuchu hutokana na mtoto kushika chuchu peke yake badala ya kujaza titi mdomoni. Mtoto mwenye ulimi wa kawaida kabisa anaweza kukuchubua vibaya akishikishwa vibaya.

Kaa vizuri wewe kwanza. Egemea mto, mgongo upumzike, miguu ikanyage. Ukiinama kumfuata mtoto, titi litamtoka mdomoni kila ukichoka.

Mpakate hivi. Tumbo lake liguse tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Asigeuze shingo pembeni. Shikilia mabega na mgongo, siyo kisogo. Mtoto akisukumwa kisogo hukaza shingo na kulikataa titi, na hapo ndipo bibi anaposema "titi hulitaki wewe!"

Anza na pua. Weka pua yake mkabala na chuchu, ili kichwa kilale nyuma kidogo. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu. Subiri. Atafungua kidogo, usikubali. Subiri afungue mdomo wote, ulimi ukiwa chini.

Mlete haraka, kidevu kikitangulia. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Usimtumbukizie titi mdomoni. Kidevu kizame kwenye titi, pua ibaki huru.

Sasa tazama mambo manne: kidevu kimegusa titi, mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umepinda kwa nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Moja likikosekana, mtoe uanze upya. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo kuachisha mnyonyo. Usimvute, utajichana.

Mkao wa kawaida ukigoma, jaribu miwili hii. Wa kwanza ni kulala nusu, umeegemea nyuma, mtoto amelala kifudifudi juu ya kifua chako. Uzito wake mwenyewe unamzamisha kwenye titi na kuuleta ulimi mbele. Wa pili ni kumpitisha chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma yako, ambao humfaa sana mama mwenye matiti makubwa au mwenye mshono wa upasuaji.

Mafanikio yanaonekanaje: mnyonyo wa haraka wa mwanzo unageuka mzito na wa polepole, unasikia akimeza, mashavu yamejaa na hayabonyei. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni katika wiki ya kwanza yanavumilika. Yakiendelea baada ya hapo, mshiko bado. Na akiachia, itazame chuchu. Ikitoka ya mviringo, vizuri. Ikitoka imebonyea upande mmoja mithili ya lipstiki iliyotumika, imekuwa ikisagwa kati ya ulimi na kaakaa.

Jaribu hivi kwa siku mbili au tatu, kila mnyonyo, na umwombe muuguzi wa kliniki akutazame ukinyonyesha mwanzo hadi mwisho. Muuguzi anayetoa ushauri bila kuona titi na mdomo wa mtoto vimekutana, mwombe kwa adabu akae akuangalie.

## Hatua ya 3: Angalia ulimi

Kila mtu ana kamba nyembamba chini ya ulimi. Kuiona si ugonjwa. Tatizo linakuja pale inapokuwa fupi, nene au imeshikilia karibu na ncha kiasi cha kuuzuia ulimi kufanya kazi. Tafiti hutoa makadirio yanayotofautiana, kama watoto 4 hadi 11 katika kila 100, na wengi wao hunyonya bila shida yoyote.

Nawa mikono. Mlaze mapajani, kichwa kikiwa upande wako, akiwa macho na ametulia. Mtoto mwenye njaa kali hakupi nafasi.

Kwanza mwache alie kidogo au apige miayo, uone ulimi ukijiinua wenyewe. Ulimi uliofungwa hunyanyuka pembeni huku katikati ukibaki chini, au ncha yake hugawanyika na kupata umbo la kopa. Pili, gusa fizi ya chini katikati: ulimi wa kawaida hutoka kukifuata kidole na kuvuka fizi. Tatu, pitisha kidole taratibu chini ya ulimi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikutana na kamba inayokaza na kukizuia kidole, imulike uione. Nne, mnyonyeshe kidole, kucha ikielekea chini: unatakiwa kuhisi ulimi umekifunika na kukivuta ndani, siyo fizi zikikitafuna.

Sasa unganisha na yale unayoyaona kwenye titi: mlio wa "tak, tak" akinyonya kwa sababu mnyonyo unakatika, maziwa kuvuja pembeni mwa mdomo, kuachia kila dakika, kunyonya saa nzima na bado kulia njaa, matiti kubaki mazito baada ya kunyonya.

Kanuni ya kukumbuka: kamba inayoonekana pamoja na kunyonya kulikogoma hata baada ya hatua ya 2 ni sababu ya kumwona daktari. Kamba inayoonekana na mtoto ananyonya vizuri, iache. Hofu kwamba atachelewa kuongea haitoshi kumkata kichanga. Hakuna ushahidi mzuri kwamba kukata utotoni kunazuia matatizo ya kuongea.

Ukiona utando mweupe kwenye mashavu na ulimi usiotoka ukifutwa, huenda ni fangasi. Hao nao huumiza chuchu, na dawa yao ni tofauti.

Tahadhari kubwa: kimeo ni kitu kingine kabisa. Ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kukikata kumewaletea watoto wetu damu nyingi, maambukizi na hata vifo. Akija mtu nyumbani akisema mtoto "ana kimeo" kwa sababu anakohoa au hanyonyi, mtoto abaki mikononi mwako. Vivyo hivyo kwa udata unaokatwa kwa wembe au kwa ukucha: pepopunda, damu isiyokoma na virusi vinavyopita kwenye wembe ni gharama kubwa mno kwa jambo ambalo hospitali hulifanya kwa muda mfupi.

## Hatua ya 4: Linda maziwa na chuchu wakati unasubiri

Titi lisilokamuliwa huacha kutengeneza. Mtoto asipovuta vizuri kwa wiki mbili tatu, unaweza kufika siku ya kukata maziwa yakiwa yamepungua, halafu lawama zote zikauangukia mkasi.

Baada ya kila mnyonyo hafifu, kamua kwa mkono: kidole gumba juu na cha shahada chini, nje kidogo ya sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana. Zungusha vidole titi lote. Lenga mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo.

Maziwa hayo mpe kwa kikombe. Mkalishe wima mapajani, khanga imeshika mikono, ukingo wa kikombe ukae kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse midomo tu. Atayalamba mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa.

Kiasi: mtoto wa kilo 3 aliyemaliza wiki ya kwanza anahitaji karibu mililita 450 kwa siku nzima, yaani kama 55 kwa kila mlo katika milo minane, ikiwa hanyonyi titi kabisa. Akinyonya kidogo, anahitaji nyongeza tu. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae zaidi ya saa 4 kwenye joto la chumba, hasa kwetu Pwani. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4.

Chuchu zilizochubuka zipake maziwa yako mwenyewe na uziache zikauke. Anza kunyonyesha upande usiouma. Titi likiwa jekundu sehemu moja, la moto, nawe una homa, nenda kituoni bila kuacha kulitoa maziwa.

Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya VVU na chuchu inatoka damu, mwambie mhudumu wako siku hiyo hiyo. Kwa muda huo nyonyesha upande mzima, kamua upande wenye jeraha na uyamwage maziwa hayo. Dawa zako usiache, na za mtoto pia.

## Hatua ya 5: Tafuta mkono sahihi

Anzia kliniki ya mama na mtoto. Wao watakuandikia kwenda kwa daktari wa watoto, wa masikio, pua na koo, au wa meno, kutegemea hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe.

Uliza maswali haya kabla ya kukubali: Je, umemwona akinyonya? Utatumia kifaa gani, na kimechemshwa au kusafishwa vipi? Damu ikizidi, mtafanya nini hapa hapa? Nani atanisaidia kunyonyesha baada tu ya kukata? Asiyetaka kuulizwa, msalimie urudi nyumbani.

Nawe mwambie bila kuulizwa: kama mtoto alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa (wengi waliozaliwa nyumbani hawakuipata), kama ukoo una watu wanaovuja damu bila kukoma, na kama kuna mtoto wa kiume wa upande wenu aliyetokwa damu nyingi alipotahiriwa. Kisa hicho cha tohara mara nyingi ndiyo dalili pekee ya hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, ambayo familia inaikumbuka.

Usishawishiwe kulipia zaidi kwa ajili ya leza; haijathibitika kuwa bora kuliko mkasi kwa kichanga. Wala usikubali kukatiwa kamba ya mdomo wa juu au za mashavuni ili anyonye. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kwenye ripoti yake ya 2024 kimesisitiza mtoto atathminiwe kunyonya kwanza kabla ya kukatwa chochote.

Na jua unachonunua. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio matano yenye watoto 302: kukata kulipunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi, lakini faida kwa unyonyaji wa mtoto haikuonekana kwa uhakika katika majaribio yote. Kwa hiyo ukiahidiwa kwamba "ataanza kunyonya palepale", punguza matumaini.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mpeleke akiwa na njaa ya wastani, ili anyonye mara baada ya kukatwa.

Mtoto anafungwa kwa khanga, mikono ndani. Mtu mmoja anashikilia kichwa kisitikisike. Daktari anainua ulimi kwa vidole au kijiko chenye mpasuo, kamba inakazika na kuonekana wazi, anaikata kwa mkasi wenye ncha butu. Kichanga wa wiki chache kwa kawaida hahitaji kulazwa usingizi. Mwenye meno tayari ni habari nyingine. Analia, zaidi kwa kushikwa, na matone machache ya damu yanatoka na kuchanganyika na mate yakaonekana mengi kuliko yalivyo.

Mchukue umweke kwenye titi palepale. Maziwa yanamtuliza, na kunyonya kwenyewe kunabana jeraha. Ulegeze mwili, hatua ya 2 yote inaanza upya hapa.

Usiondoke mpaka damu ikome na umeonwa ukinyonyesha.

Usipake asali, mafuta, majivu wala jeli ya ganzi ya meno. Asali haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa hatari ya sumu ya botulizimu, na jeli zenye benzokeini zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Parasetamoli kwa umri huu ni kwa kipimo cha daktari tu. Aspirini ni marufuku.

## Hatua ya 7: Siku mbili za kwanza

Anaweza kusumbua kunyonya siku ya kwanza na ya pili. Mpe ngozi kwa ngozi, titi mara nyingi, na kikombe akikataa kabisa.

Chini ya ulimi patatokea kidonda cheupe, au cha njano kama mtoto ana manjano. Huo si usaha. Kitapungua chenyewe na kupona ndani ya wiki moja hadi mbili. Akicheua maziwa yenye michirizi ya damu saa za mwanzo, huenda ni ile aliyoimeza.

Damu ikianza tena nyumbani, mnyonyeshe kwanza. Isipokoma, kunja gozi au kitambaa kisafi, bonyeza chini ya ulimi kwa kidole kimoja, bila kuachia kila mara kuchungulia, bila kukandamiza chini ya kidevu, na muwe tayari mko njiani kwenda hospitali.

Watu watakuambia ukisugue kidonda mara sita kwa siku ili kisijifunge. AAP haipendekezi mazoezi hayo ya kunyoosha, kwani hakuna uthibitisho kwamba yanasaidia, na mtoto anayetiwa vidole vya maumivu mdomoni anaweza kuanza kukataa chochote kinachokaribia mdomo, titi likiwemo. Badala yake, mtolee ulimi wako, akuige.

## Hatua ya 8: Wiki mbili za kujifunza upya

Wapo wanaobadilika siku hiyo hiyo. Wengi huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili, maana ulimi uliozoea kujivuta nyuma unajifunza kazi mpya. Endelea kukamua hadi uzito uonyeshe hauhitaji, kisha punguza mara moja moja, usiache ghafla.

Mpime baada ya wiki moja na tena baada ya mbili. Unatafuta haya: chuchu inatoka ya mviringo, mlio wa "tak" umepotea, titi linalegea baada ya kunyonya, na mstari kwenye kadi unapanda.

Wiki mbili zikiisha bila nafuu, usikimbilie kukatwa mara ya pili. Kamba hujirudia kwa baadhi ya watoto, lakini kabla ya hapo zipo sababu nyingine za kutazamwa: fangasi, maziwa kidogo, maziwa yanayotoka kwa kasi mno, mpasuko wa kaakaa ambao haukuonekana, misuli dhaifu, au moyo wenye tatizo kwa mtoto anayetoka jasho na kuchoka akinyonya. Rudi na daftari la saa 24, kadi, na mtoto mwenye njaa, ili daktari amwone akinyonya mbele yake.